Pua ya Naliaka

Kuna watu wakisikia harufu ya petroli hukumbuka safari. Mimi huwaona watu wawili wameinama juu ya buti la gari, migongo yao imenigeukia, nami nimesimama nyuma yao na birika la chai. Juzi jirani yangu hapa Lanet alimwaga petroli kidogo akijaza mashine ya kukatia nyasi. Upepo ukaileta hadi jikoni kwangu, na kabla sijafunga dirisha nilikuwa nimeshakunja ngumi. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, amekunja ngumi mbele ya sinki ya vyombo.

Mmoja wa wale wawili alikuwa baba yangu. Wa pili alikuwa Naliaka, mtoto wa dada yake.

Tuliishi Nakuru, katika nyumba zilizojengewa watu wa reli zamani. Babu yangu alikuwa gadi wa treni, na alipostaafu alinunua gari jeupe la saluni lililokuwa limeshazeeka siku alipolinunua. Alipokufa, gari lilibaki uani juu ya mawe, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Tuliliita Kukhu, ambalo kwa lugha ya kwetu ni bibi. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Wiki nzima ilikuwa ya kiwanda, lakini Jumamosi ilikuwa ya Kukhu.

Alianza kwa kuitoa injini yake ya kale. Mahali pake akaweka injini ya kisasa aliyoipata kwa wauza vipuri vya magari yaliyogongwa, injini isiyo na kabureta, inayopigiwa petroli kwa injeksheni na kulishwa na pampu ya umeme. Siku aliyoiwasha, iliwaka mara moja, bila choki wala kusukumwa, na majirani waliokuja kucheka wakapiga makofi. Baba akaniambia niingie. Tulipanda kuelekea Menengai, mimi nimekaa mbele kando yake, miguu haifiki chini, na tuliporudi alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyeambiwa siri. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka ambapo baba yangu alikuwa wangu peke yangu.

Kisha ikaja harufu. Jumapili ya kwanza tuliyokwenda kanisani na Kukhu, akina mama waliokaa karibu na sisi walianza kujifuta pua. Kitambaa cha kichwa cha Mama kilinuka petroli hata baada ya kufuliwa mara mbili. Mama akasema hana ugomvi na mtu, lakini yeye kanisani atakwenda kwa miguu.

Baba alitueleza mezani, akionyesha kwa sufuria ya chai. Zamani, alisema, injini ilikunywa petroli kidogo kidogo, ile inayohitaji tu. Sasa pampu inachota nyingi, injini inatumia kiasi chake, na inayobaki inarudishwa kwenye tangi ikiwa imepata joto. Petroli yenye joto hutoa mvuke, na mvuke lazima upate njia. Kifuniko cha zamani cha tangi kilikuwa na tundu, na hapo ndipo harufu ilipopita ikaingia kwa watu. Kwa hiyo alikuwa ameweka kifuniko kisicho na tundu, na juu ya tangi akaunga bomba jembamba lililoshuka hadi chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma, ili mvuke utokee nje. Harufu ilipungua, lakini haikuisha.

“Tangi lazima lipumue,” alisema. “Lisipopumua, litakufa. Likipumulia ndani, tutakufa sisi.”

Nilikuwa na miaka tisa, na maneno hayo niliyachukua yalivyo. Niliamini Kukhu ana mapafu. Baba akiwa kazini, niliweka sikio kwenye buti nikasikiliza, na mara nyingine nilisikia kweli, sauti ndogo kama ya mtu anayevuta hewa kwa meno. Nikajua Baba anauguza mgonjwa. Na mgonjwa huwezi kumwonea wivu, hata akichukua Jumamosi zako zote.

Naliaka ndiye aliyeharibu mambo. Mama yake, shangazi yangu Nasimiyu, alikuwa amepata kazi ya nyumbani Saudia, akamleta kwetu kutoka Kimilili na begi moja na mto wake wa kulalia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwetu, Naliaka ni msichana aliyezaliwa wakati wa palizi, na Nekesa, jina langu mimi, ni aliyezaliwa wakati wa mavuno. Siku ya kwanza Mama alitania kwamba basi mambo yako sawa, palizi huja kabla ya mavuno. Wote walicheka. Mimi nilisikia hukumu.

Wiki ya pili, Naliaka akiosha vyombo, alinyanyua kichwa akamwambia Mama, “Auntie, gesi inavuja.” Sisi wengine hatukusikia kitu. Mama akapaka povu la sabuni kwenye mtungi, na kweli, povu likafanya vipovu. Jumamosi iliyofuata Baba alimwita kwenye gari. Naliaka aliinama, akafumba macho, akaanzia kwenye kiti cha nyuma akaja mpaka ndani ya buti, akaweka kidole chini ya zulia.

“Hapa, Anko.”

Palikuwa na ufa kwenye mpira unaounga mdomo wa kujazia petroli na tangi, mwembamba hivi kwamba Baba alilazimika kuutafuta kwa tochi. Alipouona alimgeukia Naliaka akamtazama vile alivyokuwa ameitazama injini siku ile ilipowaka.

“Hii pua,” alisema, “haikuja hapa bure.”

Tangu hapo kila Jumamosi alimwita. Akikaza mahali, Naliaka ananusa. Akibadilisha mpira, Naliaka ananusa. Gari likienda dukani na kurudi, Naliaka ameketi mbele, kwenye kiti changu, eti ili aseme harufu imeanzia wapi. Mimi nilileta chai. Nilileta spana pia, na kwa kawaida ilikuwa spana isiyo yenyewe. Mara moja niliomba na mimi ninuse. Baba akasema haya, kuja. Nikaingiza kichwa ndani ya buti nikavuta hewa, na ilikuwa petroli kila mahali. Nikaonyesha hapa, kisha hapa, kisha pale. Baba alicheka, si kwa ubaya, akanishika kichwa, akasema mimi ni wa kitabu. Mkono ule wa kichwani niliubeba wiki nzima kama kofi.

Na si Jumamosi asubuhi peke yake. Mchana, kazi ikiisha, Naliaka alikwenda kulala kwenye kitanda chetu, uso kwenye ukuta. Mama alimpikia strungi, chai isiyo na maziwa, yenye tangawizi na sukari nyingi, akatukataza kelele. Mara mbili tatu nilimwona akitapika nyuma ya bafu. Nilidhani amekula kupita kiasi kwa sababu anapendwa. Mimi nikiumwa na kichwa niliambiwa nikalale. Strungi ya tangawizi haikuwahi kupikwa kwa ajili yangu.

Kisha Baba akasema kinachohitajika ni makaa. Magari ya kisasa, alimweleza Naliaka, yana mkebe wa makaa ambao mvuke wa tangi hupitia. Makaa yanaukamata, na injini ikiwa inazunguka inauvuta na kuuchoma. Alikuwa akiutafuta mkebe wa namna hiyo mjini. Nilisikia yote nikiwa na birika langu. Jumatatu nilipotoka shule nilikwenda kwenye gunia la Mama, nikachagua makaa mazuri, yale mazito yanayolia yakigongana, nikayaosha moja moja, nikayaanika, nikayapanga ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Jumamosi nikampelekea Baba mbele ya Naliaka.

Baba alifungua, akatazama, akauma midomo. Aliniambia taratibu kwamba asante sana, lakini hayo ni makaa ya kupikia ugali, yale ya gari ni ya namna nyingine. Alijitahidi asicheke. Naliaka hakujitahidi. Alicheka kidogo tu, akafunika mdomo kwa mkono, kisha kama anayeomba radhi akatoa mfukoni bigijii, ule ubani wa kutafuna wa rangi ya waridi, akaikata kwa meno, akanipa nusu.

Nilitafuna nusu yangu mpaka utamu ukaisha, huku nikipiga hesabu. Harufu ndiyo ugonjwa wa Kukhu. Harufu inatokea kwenye lile bomba karibu na gurudumu. Bomba likizibwa, harufu itaisha, Kukhu atapona, na wale wawili hawatakuwa na sababu ya kuinama pamoja tena. Sikutaka kumdhuru mtu. Nilitaka Jumamosi. Walipoingia ndani kula, nilitambaa chini ya gari nikaisukuma bigijii ndani ya bomba kwa kijiti, mpaka ikakaza.

Kesho yake tulikwenda kanisani na Kukhu, na gari halikunuka. Mama, aliyeshawishiwa kupanda kwa mara moja ya mwisho, alivuta hewa akasema ajabu. Naliaka alinusa akasema, “Leo hakuna, Anko.” Nilikuwa natafuta jinsi ya kusema bila kusema. Baba akapiga usukani kwa furaha. Jana alikuwa amekaza kibano kimoja alichoonyeshwa na Naliaka, na sasa alijua ndicho kilichokuwa shida.

“Si nilisema?” alimwambia Mama. “Si nilisema kuhusu hii pua?”

Basi nikanyamaza. Kuna namna ya hasira ambayo mtoto hana mahali pa kuiweka. Nilikuwa nimemponya Kukhu mimi, na sifa zimekwenda kiti cha mbele.

Jumamosi iliyofuata Shangazi Nasimiyu alikuwa anarudi. Ndege ingetua saa sita mchana, na Baba akaamua tumpokee na gari la babake. Mama alibaki kupika. Tuliondoka asubuhi, tangi limejaa, Naliaka mbele na gauni la njano alilokuwa amelitunza tangu mama yake aondoke, ingawa sasa lilimbana kwapani. Mapajani alikuwa na bahasha yenye ripoti yake ya shule. Kila baada ya muda aliifungua, akatazama, akaifunga.

Karibu na Longonot tulisikia mshindo nyuma, dungu, kama mtu amepiga debe. Baba alisimama, akazunguka gari, hakuona kitu. Tukaendelea. Tulipita Mai Mahiu, tukaanza kuupanda ule mlima kati ya malori, na kwenye kona ya tatu Kukhu akakohoa, akakohoa tena, akazimika. Baba aliliachia likarudi nyuma hadi kando ya barabara, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Alingoja, akawasha, likawaka. Tukaenda kona mbili, likazimika. Akangoja tena. Malori yalitupita yakinguruma, na utingo mmoja akatuuliza kwa sauti kama tunalipeleka gari makumbusho. Baba alitazama saa. Ndege ilikuwa inatua. Naliaka alisimama kando ya barabara akiwa ameikumbatia ile bahasha, akiangalia upande wa Nairobi kama anayeweza kuiona. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwishowe Baba alifungua kifuniko cha petroli, pengine kwa kukosa la kufanya. Tangi likavuta hewa. Lilivuta kwa mlio mrefu wa kutisha, kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Baba akaganda na kifuniko mkononi. Akafungua buti, akaondoa zulia, nikaona upande wa juu wa tangi umebonyea ndani kama kopo lililokanyagwa.

“Limenyimwa pumzi,” alisema polepole. “Petroli inatoka, hewa haiingii.”

Nikaelewa yote kwa pamoja.

Baba, kwa mwili wake mkubwa, hakuweza kupenya chini ya gari pale penye mteremko. Naliaka akanipa mimi bahasha nimshikie, akalala chini na gauni lake la njano, akaingiza mkono. Alikaa humo muda mrefu, akichokoa lile bomba kwa waya. Alipotoka alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na kiganja chake kimefungwa. Hakumtazama Baba. Alinitazama mimi. Kati ya vidole vyake niliona rangi ya waridi.

“Kuna nini huko?” Baba aliuliza.

“Matope, Anko. Nyigu walikuwa wamejenga ndani.”

Baba alitikisa kichwa, akacheka kwa kupata nafuu, akasema basi tumeshindwa na nyigu. Naliaka alitupa kile kitu bondeni, akajipangusa, akaninyang'anya bahasha yake.

Tulifika uwanja wa ndege saa tisa unusu. Shangazi Nasimiyu alikuwa nje, amekaa juu ya sanduku lake, viatu amevivua kwa sababu miguu imevimba. Alikuwa amekonda. Naliaka alimkimbilia, na walishikana muda mrefu, mpaka watu wakawapisha. Kisha shangazi akamsogeza kidogo, akanusa shingo yake, akanusa nywele, akamgeukia Baba.

“Mbona mtoto wangu ananuka petroli?”

Baba alianza kumsimulia kwa majivuno habari za ile pua na za Jumamosi. Alisimulia vizuri, kwa mikono. Shangazi hakucheka. Wiki mbili baadaye alimchukua Naliaka wakarudi Kimilili, na Saudia hakwenda tena.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, Baba aliniita. Alikuwa amelinyoosha tangi na hatimaye amepata mkebe wa makaa. Akasema, “Nekesa, kuja unuse.” Niliacha chai jikoni nikakimbia. Niliinama kando yake, bega langu kwenye mkono wake, nikanusa mpira baada ya mpira, nikijitahidi mno kupatia. Baada ya nusu saa kichwa kilianza kugonga. Baada ya saa moja nilikuwa nyuma ya bafu, nimeshika ukuta, natapika. Mama alinipikia strungi ya tangawizi nikainywa kitandani, uso kwenye ukuta, na nikaelewa nusu ya jambo. Nusu tu, kwa sababu nilikuwa bado na furaha kwamba nimeitwa.

Ule mkebe ulifanya kazi. Harufu iliisha kabisa, na pamoja nayo zikaisha Jumamosi za kuinama. Baba alianza kwenda kutazama kandanda kwenye televisheni ya jirani.

Naliaka sasa yuko Longonot, katika shamba la maua, anakagua waridi kabla hayajafungwa kwenda ng'ambo. Baada ya siku ile ya mashine ya nyasi nilimpigia, na Jumapili nikaenda. Tulikaa nje kwake tukichambua maharagwe. Nilikuwa nimebeba lile neno miaka mingi, nikaliweka chini vibaya, bila utangulizi: ile bigijii ilikuwa yangu.

“Najua,” alisema. “Nusu nyingine nilikuwa nayo mimi.”

Nikamuuliza kwa nini basi alisema nyigu.

Alichambua maharagwe kiganja kizima kabla ya kujibu. “Ningesema ni wewe, Anko angekuuliza kwa nini. Na mimi nilijua kwa nini. Sikutaka yeye ajue.” Kisha, bila kuinua macho: “Nilikuwa nachukia hiyo petroli, Nekesa. Kila Ijumaa tumbo lilianza kunikata nikifikiria kesho. Lakini nimekaa kwa watu, nakula chakula chao, mama yangu hayuko. Anko alisema hii pua haikuja bure. Nikajua hiyo ndiyo kazi yangu. Nikiacha kunusa, nitakuwa nafanya nini hapo?”

Nilimwomba msamaha, wa bigijii na wa mengine ambayo hakuyajua. Akasema aliyasahau zamani, na kwamba usiku wa mvua bado anacheka akikumbuka yale makaa niliyoyaosha. Tulicheka sote. Nilijisikia mwepesi. Kisha, akinyanyuka kuweka maharagwe motoni, akasema kama jambo dogo tu kwamba Anko siku hizi magoti yanamsumbua sana, hata jana alimwambia.

“Jana?” nikauliza.

“Si huwa nampigia kila Jumamosi.”

Nikasikia kile kitu kikipanda tena kifuani, kilekile, kikiwa na nguvu zake zote, kana kwamba nina miaka tisa na sikuwa nimetoka kusamehewa dakika ile. Nilimaliza kula, nikaaga, nikaingia kwenye gari langu, na kabla ya kuliwasha nikampigia Baba. Simu iliita mara tatu.

“Nekesa?” Sauti yake ilikuwa na hofu. “Kuna nini? Ni nani mgonjwa?”

Nikamwambia hakuna mgonjwa. Hakuna aliyekufa, watoto ni wazima, nimepiga tu. Kisha akaanza kunieleza habari za magoti yake, kwa sentensi fupi fupi, akisimama kila mara kusikiliza kama bado nipo.

“Nipo, Baba,” nikamwambia. “Endelea.”